Talaka ya Matumba

Katika nyumba zote alizopata kuingia Radhiya Ubwa kwa kazi yake, wenyewe walikuwa wakimuomba Mungu asionekane mdudu. Hii ya Mkunazini ilikuwa ya mwanzo kuwakuta wenyewe wanaomba aonekane.

Radhiya ni mkaguzi wa maradhi ya mimea, kituo chake Kizimbani. Kabla ya hapo alikuwa askari mpelelezi hapa hapa mjini, akachoshwa na watu, akahamia kwenye majani kwa kudhani kwamba majani hayasemi uongo. Tabia za upolisi hakuziacha. Haamini kitu mpaka akione, na akishakiona hukirudia mara ya pili. Kioo chake cha kukuzia hukivaa shingoni kwa uzi mweusi, na watu wa mashamba humwita polisi wa majani, naye huitika bila ya kununa.

Safari hii aliyemwita hakuwa mtu wa shamba. Alikuwa kadhi. Alimueleza kisa chote wakiwa wamekaa barazani, na Radhiya akamsikiliza mpaka mwisho ndipo akasema lahaula.

Kisa chenyewe ni hichi. Yupo bwana mmoja, Abdulwahid, mtu mzima na akili zake, huotesha okidi uani kwake na kuwauzia watu wa harusi na wa mahoteli. Okidi ni ua la kudeka. Udongo halitaki, hukaa limekamata gome la mti mizizi yake ikiwa nje, na tumba lake hulelewa wiki kwa wiki kabla halijafunuka. Sasa matumba ya Abdulwahid yalikuwa hayafunuki. Yananenepa, yanageuka manjano, yanaanguka. Mwaka jana vile vile, mwaka huu vile vile. Asubuhi moja akashuka uani akayakuta matumba ya okidi nyeupe, ile aliyoachiwa na marehemu baba yake, yametapakaa sakafuni. Dada yake Yusra akamtia maneno kwamba mkewe Faiza hushuka uani alfajiri peke yake, kitu kakificha ndani ya kanga. Bwana yule mori ukampanda. Mbele ya Yusra, na mbele ya mama yake mzazi, akamwambia mkewe, "Ikiwa sababu ya matumba haya kuanguka ni wewe, kwa kujua ama kwa kutokujua, basi talaka yako ya tatu hiyo nshakupa."

Mbili alikwisha kuzitoa miaka ya nyuma, kwa hasira hizo hizo za moto wa makuti, na kila mara akamrejea kwa kulia. Ya tatu haina kurejea. Mwanamke huwa si wako tena, mpaka aolewe na mume mwengine na huyo naye waachane kwa mapenzi ya Mungu, na nani anayeweza kukaa akingojea hayo? Haijafika adhuhuri hasira zilikuwa zishamtoka, akakimbilia kwa kadhi hana hata viatu. Kadhi akamtizama kwa huruma. Ungesema ikiwa umekusudia, alimwambia, ningekutafutia mlango. Wewe kwa ujuaji wako ukaongeza kwa kujua ama kwa kutokujua, ukaufunga mwenyewe. Talaka hii umeifunga na jambo, na jambo lina ukweli wake. Ikiwa ni wadudu, mkeo ni mkeo. Ikiwa ni yeye, basi alishatoka mikononi mwako tangu asubuhi ile. Atafutwe mjuzi atuambie.

Mjuzi ndiye Radhiya, na kadhi alimwambia wazi kwamba atakalolisema yeye halitaongezewa wala kupunguzwa. Radhiya alirudi nyumbani siku ile na kichwa kinamuuma.

Abdulwahid alimfungulia mlango mwenyewe kabla hajamaliza kubisha. Kumbe alikuwa kasimama nyuma ya mlango. Alikuwa kakonda uso, kanzu yake imekunjana, na maneno yake yalitoka mengi kuliko yalivyohitajika. Ukumbini palikuwa na harufu tamu nzito, harufu ya nyumba ya zamani iliyopikiwa na kufukizwa udi miaka na miaka, na Radhiya alipita nayo asiishughulikie. Tumsamehe. Nani angeishughulikia?

Uani yalipangwa mambo tayari. Matumba yaliyoanguka yalikuwa juu ya sinia, yamefunikwa kawa, utasema chakula cha mgeni. Abdulwahid alikataza yasifagiliwe. Okidi zenyewe zilitundikwa ukutani kwenye vipande vya magome, za zambarau upande wa kisima, na ile nyeupe ya marehemu baba yake peke yake karibu na ngazi, kwa kuwa dirisha la chumba cha mama linafungukia hapo. Mama, Bi Ulfat, macho yalishaondoka siku nyingi. Okidi ile inukiapo jioni, yeye huinusa kutoka kitandani, na husema ni mumewe amerudi kutoka msikitini.

Faiza alileta maji na kahawa. Mwanamke mwembamba, mpole wa mikono, macho yamevimba. Kanga ilimteleza kichwani ikamwangukia mabegani, na mumewe yupo hapo hapo mbele yake, wala hakujishughulisha kuipandisha. Baadaye kidogo alipiga hodi Masoud, fundi wa mabomba aliyekuja kutizama koki ya kisimani, na kabla sauti yake haijamaliza kuingia, Faiza alikuwa kajitanda mpaka masikio yamefichika. Radhiya aliyaona yote mawili. Hakuyafanyia kazi, aliyaona tu, maana ndiyo tabia yake.

Alianza na lile la wazi. Alitandaza karatasi nyeupe chini ya okidi ya zambarau akaligonga shina kwa kidole. Viliangukia pale vidudu viwili vyembamba vya rangi ya chai, vikaanza kukimbia. Akaenda kwenye ya pili, akagonga, vikaanguka vitatu. Chini ya majani makubwa alikuta vidung'ata, wale weupe wanaojifunika pamba, na sisimizi wanapanda na kushuka kwenda kuwakamua utamu wao.

Abdulwahid aliinama juu ya karatasi ile mpaka pua yake ikakaribia kuigusa. Alipoinuka machozi yanamtiririka, na akapaza sauti kuelekea dirishani, "Mama, wameonekana. Wadudu wameonekana." Kutoka ndani ilisikika sauti nyembamba ya Bi Ulfat ikimshukuru Mungu. Faiza aliikalia ndoo iliyogeuzwa, mikono usoni.

Radhiya aliwaacha wafurahi kidogo. Hakuwa na moyo wa kuwakata pale pale. Halafu akamwambia Abdulwahid taratibu kwamba yeye katika kazi yake ya zamani aliwaona wezi wengi sokoni wakinunua samaki kwa pesa zao. Kuonekana kwa mwizi si wizi. Akaomba lile sinia.

Alikaa juu ya mkeka, akavuta kioo machoni, akayachukua matumba moja moja. Vidudu vile vyembamba vikila tumba huliacha na makovu ya rangi ya fedha, na ua hujikunja likawa kilema. Vidung'ata navyo huacha utomvu unaonata na ukungu mweusi juu yake. Radhiya alitafuta kovu. Alitafuta tundu, alitafuta utomvu, akalipasua tumba moja kwa wembe atizame kama mna buu ndani. Hamkuwa na kitu. Matumba yalikuwa safi na laini, ncha zake bado za kijani, shingo tu zimegeuka manjano, na pale yalipoachana na kikonyo palikuwa pamekatika sawasawa.

"Haya hayakuliwa," alisema. "Haya mti wenyewe umeyaachia."

Abdulwahid aliuliza kwa nini mti uachie matumba yake wenyewe, na sauti yake ilishaanza kushuka. Radhiya aliirudia ile miti yenyewe. Aliibonyeza mizizi, akaikuta migumu, ncha mbichi. Maji yalikuwa ya mvua, yanakingwa kutoka paani, hayana chumvi wala dawa ya bomba. Jua halikuwaka sana pale uani, upepo haukuvuma vibaya. Aliyanusa magome kama yamemwagiwa mafuta ya taa au sabuni ya chooni, hakunusa kitu. Kwenye kona palikuwa na mtungi wa asumini, na chini yake sakafu imejaa vitumba vyeupe vilivyoanguka kabla ya kufunuka. Faiza alisema hata asumini za kutungia vikuba vya kujipambia siku hizi hazipati humu, hununua. Radhiya aliokota kitumba kimoja, akakitia mfukoni. Jambo lile lilimtia wasiwasi, maana asumini na okidi hazina mdudu mmoja.

Aliomba apelekwe juu ya paa. Huko Abdulwahid aliweka okidi changa, watoto wa zile za chini, chini ya kivuli cha wavu. Zilikuwa zimejaa matumba, manene, mabichi, mengine yameshaanza kuonyesha rangi. Radhiya alitandaza karatasi yake, akagonga. Vilianguka vidudu saba vyembamba vya rangi ya chai.

Alivitizama muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Mdudu yule yule, na hapa ni wengi kuliko chini, na matumba yapo. Basi wadudu wamekwisha kesi yao, waachiliwe. Kilichokuwa kikiangusha matumba kilikuwa chini, uani, na kilikuwa hewani, kwa kuwa kiliigusa okidi na asumini bila ya kuacha alama. Abdulwahid alikuwa kasimama pembeni anamsubiri aseme, kama mgonjwa anavyomsubiri daktari, naye akamwambia tu kwamba atateremka kuzungumza na watu.

Alianza na Yusra, aliyekaa nyumba ya pili na kuingia humu apendavyo. Yusra hakuwa mtu mbaya, ila ni katika wale wanaoona vibaya. Alisema amemuona Faiza kwa macho yake, si mara moja, alfajiri, anashuka na kitu kwenye kanga, anaingia kwenye kijistoo cha chini ya ngazi na kufunga mlango. Na siku hizo mlangoni hutoka moshi. Moshi wa nini, Radhiya aliuliza. Yusra alisema hayo akaulizwe mwenyewe na waganga wake. Radhiya akataka kujua kama amepata kumuona akigusa ua. Yusra alifikiri, na kwa haki yake alisema kweli, hapana, hajapata.

"Na moshi ukitoka, matumba huanguka lini?"

"Hapo hapo hayaanguki. Baada ya siku mbili tatu. Nami ndiyo nikamwambia kaka yangu, uchawi huo unataka muda."

Radhiya alimshukuru, akainuka, akaenda chumbani kwa Bi Ulfat. Alimkuta amelazwa kwa mito, upande mmoja wa uso umelegea. Alimwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba kwa ulimi mzito, na akaombwa akae karibu. Aliuliza swali moja tu. Ni kitu gani kilichobadilika katika nyumba hii mwaka jana, kabla ya matumba kuanza kuanguka?

Bi Ulfat alicheka kwa nusu ya mdomo. Akasema kilichobadilika ni yeye. Mwaka jana ndipo alipopooza. Tangu siku hiyo wali haumezi, mkate haumezi, samaki ndiyo usiseme. Angeshakufa na njaa lau si mkwewe. Akaushika mkono wa Radhiya, na akamsifu Faiza kwa maneno mengi ambayo Radhiya baadaye alitamani asingeyasikia. Ndizi za sokoni, alisema, siku hizi huivishwa kwa madawa, tumbo lake halizitaki. Basi Faiza huletewa mikungu mibichi na baba yake kutoka Matemwe, akaivumbika mwenyewe mpaka iive, akamsagia kwa tui na hiliki na kumlisha kijiko kwa kijiko. Hajakosa hata siku moja. Huamka kabla ya adhana kwenda kuzitizama. Anasema zikiachiwa mpaka jua kuchomoza hupitiliza.

"Huzivumbika wapi, Bi Ulfat?"

"Hapo chini ya ngazi, mwanangu. Wapi pengine? Ndipo alipokuwa akivumbika hata mama mkwe wangu mimi."

Radhiya aliinuka. Alipoitizama ile okidi nyeupe dirishani aliona shina lake limebaki na tumba moja tu, nalo shingo imeshaanza umanjano.

Mlango wa kijistoo ulikuwa mfupi, ikabidi ainame. Alipoufungua, ile harufu tamu nzito ya ukumbini ilimjia usoni yote, na ya joto. Chini palikuwa na mikungu miwili imelazwa, imefunikwa majani makavu ya mgomba na magunia, na pembeni chungu cha udongo chenye vifuu vya nazi vilivyoungua kwa kufifia. Ni kazi nzuri, ya mtu aliyefundishwa na mama yake. Kwenye kikapu ukutani palikuwa na ndimu, zote zimeshageuka manjano.

Faiza alikuwa kamfuata. Aliona aibu ya vumbi la mle ndani, akaomba radhi. Akasema stoo hii ina baraka, ukiweka embe bichi leo, keshokutwa limeiva.

Kila anayevumbika ndizi Unguja nzima anajua kwamba moja ikiiva huwaita wenziwe. Ndiyo maana huzifunika pamoja, na ndiyo maana hutiwa moshi. Ndizi ikiiva hutoa pumzi, na moshi wa vifuu una pumzi hiyo hiyo, huioni wala huishiki, nayo ndiyo inayozipa nyengine amri ya kuiva. Hayo bibi zetu wanayajua. Kitu wasichokijua, kwa kuwa hawakuwa na okidi uani, ni kwamba na ua huisikia amri ile. Ua likiisikia hudhani siku zake zimekwisha, na huachia tumba.

Radhiya alijua, lakini yeye akishakiona kitu hukirudia, na safari hii alirudia kwa kuomba Mungu awe kakosea. Alishusha okidi moja changa kutoka paani, imejaa matumba mabichi, akaiingiza stoo na kuufunga mlango kwa kufuli lake mwenyewe. Akamwambia Abdulwahid atarudi keshokutwa. Yule bwana, masikini, alielewa kwamba wadudu bado wanachunguzwa. Alikwenda kununua bomba la mgongoni na sabuni, akaanza kuwapigia dawa.

Keshokutwa Radhiya alifika asubuhi. Abdulwahid alikuwa juu ya paa na bomba lake, na Radhiya alishukuru kwa hilo. Alifungua kufuli. Okidi ilikuwa pale pale alipoiweka, majani yake mabichi, mizizi yake mizima. Matumba mawili yalikuwa sakafuni. Yaliyobaki shingo zake zilikuwa manjano, na alipoligusa la karibu kwa ncha ya kidole, lilimwangukia kiganjani.

Faiza alikuwa mlangoni. Alimtizama Radhiya, akatizama kiganja chake, akatizama magunia.

Radhiya alianza kusema. Alimwambia kwamba wadudu wamo, hilo si uongo, na mtu akimuuliza kama wamo atasema wamo. Alimwambia kwamba kadhi atauliza swali, naye atalijibu lile atakaloulizwa, na maswali huulizwa kwa namna nyingi. Miaka yote ile ya upolisi na ya mimea Radhiya hakupata kusema maneno kama yale, na alipoyasikia yanatoka mdomoni mwake aliona haya.

Kutoka chumbani Bi Ulfat alikuwa akisikiliza. Aliita, na walipoingia alisema kwa nguvu zote za ule ulimi wake kwamba ikiwa ni ndizi basi sababu ni yeye. Ndizi anakula nani? Yeye. Zimeletwa kwa ajili ya nani? Yake yeye. Basi aandikwe yeye, na mtoto huyu asiguswe. Radhiya alilishika neno lile kama mtu anayezama. Akageuka kwa Faiza na kumwambia kwamba hilo nalo ni kweli, na litaelezwa.

Faiza alikaa ukingoni mwa kitanda, akamrekebishia mkwewe mto.

"Bi Radhiya, nani kazivumbika?"

Radhiya alilifumbata lile tumba kiganjani.

"Alisema kwa kujua ama kwa kutokujua. Nnakumbuka kila neno. Mimi sikujua, na yeye hilo kalitaja." Alimfuta Bi Ulfat machozi kwa ncha ya kanga. "Ukiniambia si mimi, nitakuamini, maana watu wanasema wewe husemi uongo. Nitarudi chumbani kwake. Lakini ikiwa ni mimi, na wewe ukanificha, basi nitalala na mtu asiyekuwa mume wangu mpaka siku yangu ya kufa, nikiwa sijui. Utanifanyia hivyo?"

Chumba kilikuwa na joto. Dirishani lile tumba la mwisho la okidi nyeupe lilikuwa halipo tena, na hakuna aliyeona lilipoanguka. Radhiya alitaka kusema kitu kingine chochote duniani. Alitafuta. Mwisho alisema, "Ni wewe, mwanangu," na akasikia Bi Ulfat anageuzia uso ukutani.

Faiza aliitikia kwa kichwa, mara moja. Akauliza kama ndizi zitaweza kuvumbikwa nyumba nyengine, na Radhiya akasema ndiyo, mbali na maua haina neno. Faiza akasema basi atamuomba Yusra, kwake kuna nafasi, na atamfundisha vipimo vya tui, na kwamba kijiko kiwe kile kidogo, kikubwa humpalia. Hayo tu. Radhiya alisimama pale hajui aiweke wapi mikono yake.

Ngazi zilisikika. Abdulwahid alikuwa anateremka kwa haraka, bomba la sabuni bado mgongoni, anamwita mkewe kwa jina, sauti ya furaha iliyokuwa haijasikika humu ndani tangu siku ile. Alikuwa anasema wadudu wote wamekufa juu, wote, aje aone, na okidi moja imeshafunuka. Alikuwa nayo mkononi, ua moja la zambarau na kikonyo chake, amekata kumletea.

Faiza aliinuka kutoka kitandani. Akaipandisha kanga kutoka mabegani, akaitanda kichwani, akaikaza chini ya kidevu mpaka masikio yakafichika, akainamisha macho sakafuni.

Abdulwahid alikuwa ameshatia mguu mmoja ndani. Aliiona ile kanga. Alimtizama Radhiya, akamtizama mama yake aliyegeukia ukutani, akaitizama tena ile kanga, na uso wake ukakunjuka wote ukabaki hauna kitu. Matone ya sabuni yalikuwa yakidondoka kutoka bombani juu ya sakafu.

Aliutoa mguu wake polepole. Akarudi nyuma mpaka nje ya kizingiti, akasimama upande, pale wasipoweza kumuona, na kwa sauti ndogo akapiga hodi.

Hakuna aliyemkaribisha.